Nyongeza ya Kazi ya Pili

Meru, 14 Septemba 1997

Guracha Duba
kwa mkono wa Mukhtar mwenye duka, Garsen

Ndugu yangu,

Huku kuna baridi ya kumwonea mbuzi huruma. Nalala na soksi, naamka na soksi. Chakula ni mahindi na maharagwe Jumatatu mpaka Jumatatu. Ukiacha hayo, sina la kulalamikia, na masomo ya ualimu si magumu kama walivyotutisha.

Nimewaonyesha wenzangu wawili mchezo wetu. Walidhani ni kama drafti, wakaanza kutafuta ubao. Nikawaambia hakuna ubao. Mmoja anasimulia, mwingine anasema mtu wake anafanya nini, na pakiwa na shaka tunarusha dadu mbili. Kila mtu ana kazi yake, na kila kazi inampa nyongeza katika ujuzi fulani. Dadu na nyongeza zikifika kumi, amefaulu. Wakauliza nimeutoa wapi. Nikawasimulia yule mwalimu wa hesabu wa kujitolea aliyetuachia kitabu kisicho na jalada pale Hola, na jinsi mimi na wewe tulivyokifasiri kwenye daftari miaka miwili, tukawafukuza mazimwi na kuweka viboko na mamba.

Basi naisafisha nakala ya daftari niliyoiandika haraka nilipokuachia la zamani, na nimefika ukurasa wa kuchanganya kazi. Unakumbuka mchwa walivyoula. Kilichobaki ni hiki: "Mchezaji akiongeza kazi ya pili, nyongeza za ujuzi zita", halafu shimo. Zitajumlishwa? Itachaguliwa moja? Hatukuwahi kuhitaji kujua.

Sasa tunahitaji. Mtu wako Liban amemaliza kujifunza kwa yule tabibu wa mifugo. Alikuwa mchungaji, leo ni mchungaji na tabibu. Mchungaji ana nyongeza ya tatu katika kutambua dalili. Tabibu ana mbili katika ujuzi huohuo. Wewe unaonaje?

Bado ana ng'ombe arobaini wa kuwarudisha nyumbani. Mbele yake kuna kisima. Kando ya kisima amelala fisi aliyekufa bila jeraha. Liban anafanya nini?

Abdulmalik Kalla


Garsen, 6 Oktoba 1997

Abdulmalik,

Maze, swali gani hilo? Tatu na mbili ni tano. Hata mchwa waliokula ukurasa wanajua.

Mimi mwenyewe ni ushahidi. Mwezi uliopita mradi wa mifugo ulituita Tarasaa wiki mbili, vijana wanane. Tukafundishwa kudunga sindano, kupima homa, kutoa dawa ya minyoo. Nimerudi na sanduku la dawa na watu wananiita daktari, wengine kwa heshima, wengine kwa kunicheka. Sasa niambie, nilipojifunza sindano nilisahau uchungaji? Nilipofika nyumbani niliacha kuona nyayo? Ninavyo vyote viwili, na vyote vinafanya kazi kwa wakati mmoja. Tano.

Liban hawanyweshi ng'ombe mpaka akague. Nimerusha dadu: mbili na nne, sita. Darmi ni shahidi, amekaa hapa ananikodolea macho kama karani wa kura. Unamkumbuka dada yangu, aliyemaliza darasa la nane akakosa nafasi ya sekondari. Siku hizi analijua daftari kuliko mimi. Basi sita na tano ni kumi na moja. Amefaulu. Maji yana nini?

Mvua bado. Nyasi zimeliwa hadi mizizi. Baba anasema mwaka huu itanyesha sana. Nimemuuliza ameona nini, akasema ameona.

Guracha


Meru, 24 Oktoba 1997

Guracha,

Mimi ndiye mwamuzi, na mwamuzi ameamua. Kazi mbili zikigusa ujuzi mmoja, inachukuliwa nyongeza iliyo kubwa. Tatu. Hazijumlishwi.

Usinune kabla hujapiga hesabu. Mwenye nyongeza ya tatu anahitaji saba kwenye dadu, na saba au zaidi hutoka mara ishirini na moja kati ya thelathini na sita. Mwenye tano anahitaji tano tu: mara thelathini kati ya thelathini na sita. Hapo hakuna mchezo tena. Na kesho ukimwongezea kazi ya tatu, je? Atakuwa hakosei kabisa. Mtu asiyekosea hana hadithi.

Kwa hiyo sita na tatu ni tisa. Hakufaulu. Liban anaona maji, na ng'ombe wana kiu. Endelea.

Abdulmalik


Garsen, 9 Desemba 1997

Abdulmalik,

Barua hii inakwenda dukani kwa Mukhtar kwa mtumbwi. Mto umetoka kingoni tangu katikati ya Novemba na barabara haipo; nasema haipo, si kwamba ni mbovu. Tumehamia kwenye kile kiinuko nyuma ya boma, sisi na ng'ombe na mbu wa dunia nzima.

Nakataa uamuzi wako. Liban anakaa palepale kisimani, simsogezi hatua moja mpaka ubadilishe. Unahesabu dadu kama mwalimu, lakini hujawahi kuwa na kazi mbili. Mimi ninazo. Wiki hii ng'ombe sita wametupa mimba, na wale ndama nimewatoa mimi kwa mikono yangu, kwa sababu ndivyo mchungaji anavyofanya na ndivyo daktari anavyofanya. Sijaona kitu kama hiki. Nimedunga walionusurika dawa niliyo nayo, haijasaidia. Baba anasema hata yeye hajaona.

Lakini tano ni tano, bwana.

Guracha


Nairobi, 29 Desemba 1997

Guracha, mkaidi wa Tana,

Chuo kimefungwa na nimekwama kwa mjomba hapa Eastleigh, maana magari ya Hola yanaishia Garissa. Redio inasema maji yanapungua taratibu. Pole kwa ng'ombe.

Sasa tuzungumze mambo ya maana. Nimekaa siku tatu na swali letu na nimepata hoja sita.

Ya kwanza, nyongeza si kipande cha mzigo ambacho mtu anabeba, kwamba ukiongeza kingine unakuwa mzito zaidi. Ni kipimo cha umbali aliofika. Mtu aliyefika Garsen na mtu aliyefika Tarasaa hawajumlishwi wakawa wamefika Malindi. Ya pili, tukikubali kujumlisha, kila mchezaji atatafuta kazi mbili zinazofanana, hakuna atakayetaka kuwa na kazi moja. Ya tatu...

(Hoja nyingine ziko kwenye karatasi ya pili. Zisome zote kabla hujatukana.)

Ukikubali, nitamruhusu Liban arushe mara ya pili. Huo ndio mwisho wa huruma yangu. Ramadhani njema, uniombee.

Abdulmalik


Garsen, 16 Februari 1998

Ndugu Abdulmalik,

Barua yako imefika juzi, magari yameanza kupita. Idd ilipita salama. Usishangae mwandiko, kidole kimeumia.

Nimesoma hoja zako sita. Hoja ya pili ni nzuri. Hoja ya kwanza si nzuri, kwa sababu Garsen na Tarasaa ziko kwenye barabara moja, na kazi mbili si lazima ziwe kwenye barabara moja.

Napendekeza hivi. Ng'ombe akipita, mchungaji akiangalia nyayo anajua kwamba anaburuta mguu wa nyuma wa kushoto. Tabibu akiangalia nyayo hizohizo hajui zaidi ya hapo. Wameona kitu kimoja. Hapo ichukuliwe nyongeza kubwa peke yake, kama ulivyosema.

Lakini huyu fisi ni tofauti. Mchungaji anaona kwamba swala wamekuja mpaka karibu na maji wakageuka, nyayo zao hazikufika. Tabibu anafungua mdomo wa fisi na kuona ufizi umekuwa mweusi. Hivyo ni vitu viwili. Hapo kazi ya pili iongeze. Isiongeze yote, maana mtu ana kichwa kimoja. Iongeze nusu. Na mchezaji lazima aseme kazi ya pili imeona nini ambacho ya kwanza isingeona. Akishindwa kusema, hapewi.

Tatu, na nusu ya mbili, ni nne. Dadu zilikuwa sita. Jumla ni kumi kamili. Liban amefaulu, lakini kwa shida.

Tunasubiri jibu.

Guracha


Meru, 4 Machi 1998

Guracha!

Nimesimama bwenini nikawasomea wenzangu barua yako kwa sauti. Nimeshindwa. Nimeinakili kanuni yako kwa wino mwekundu, neno kwa neno: kubwa nzima, ndogo nusu, na mchezaji aseme kazi ya pili imeona nini. Nimepiga hesabu pia. Mwenye nne anafaulu mara ishirini na sita kati ya thelathini na sita. Iko katikati kabisa. Miaka yote nimekujua kwa kelele, kumbe unaweza kufikiri.

Haya, Liban amejua: maji yana sumu. Ng'ombe wote arobaini wako hai. Lakini mto uko mwendo wa siku mbili na hawajanywa tangu jana. Anafanya nini?

Ila sikuelewi siku hizi. Hakuna matusi, hakuna hata "maze" moja. "Ndugu Abdulmalik", kana kwamba unaomba kazi. Umeoa nini? Na mifugo imekuwaje baada ya maji? Barua yako haikugusia.

Chuo kinafungwa tarehe kumi na saba Aprili. Nikishawasalimia nyumbani Hola nakuja huko moja kwa moja, tucheze ana kwa ana, nikuone ukirusha dadu bila shahidi.

Abdulmalik


Garsen, 19 Machi 1998

Kaka Abdulmalik,

Assalam aleikum. Anayekuandikia ni Darmi. Hata barua ya mwezi wa pili niliiandika mimi. Hakuna kidole kilichoumia.

Guracha amefariki. Ilikuwa tarehe kumi na tano Januari, Alhamisi asubuhi, ndani ya mwezi wa Ramadhani. Homa ilimshika Ijumaa iliyotangulia. Alisema ni malaria, akajitibu kama malaria. Jumapili macho yakawa mekundu na hakuweza kuvumilia mwanga. Jumatano alianza kutoka damu puani na kwenye fizi. Tulitaka kumvusha kwenda zahanati ya Garsen mjini, lakini mtumbwi ulikuwa umechukua wagonjwa wa upande wa Golbanti. Uliporudi tulikuwa tumeshamwosha. Watu wa afya walikuja baadaye, wakasema ni homa ya mifugo iliyokuja na mafuriko, na inawashika wanaogusa wanyama wanaotupa mimba. Walituuliza nani aliwashika wale ndama. Baba akasema, mwanangu, wote.

Ninapaswa kukueleza kwa nini nilikudanganya.

Mukhtar alileta barua yako mwenyewe mpaka bomani. Ilikuwa na jina la Guracha juu yake. Mama aliingia ndani. Baba hajui kusoma, akaniambia, "Soma." Nikamwambia ni mambo ya mchezo tu. Akasema, "Soma mambo ya mchezo." Nikasoma yote, hoja zako zote sita. Hakunikatiza. Nilipomaliza akauliza, "Na huyo Liban amekwama wapi?" Nikamwambia yuko kisimani, hawajakubaliana kama anajua maji ni mabaya. Akauliza kuna nini hapo kisimani. Nikamwambia kuna fisi. Akafikiri. Akaniuliza swala walifika majini au waligeuka.

Hayo niliyoandika ni maneno ya Baba. Ya nyayo, ya swala, ya ufizi, ya mtu kuwa na kichwa kimoja. Mimi niliongeza nusu tu, kwa sababu hakukuwa na namba katika maneno yake. Aliposema "Mjibu", nilimuuliza niandike jina la nani chini. Akainuka akaenda kwa ng'ombe. Nikaandika la Guracha.

Ilikuwa siku ya kwanza tangu mazishi kumsikia Baba akisema maneno mengi kwa pamoja. Baada ya hapo kila anayetoka Garsen alimuuliza kama kuna barua. Barua yako ya tarehe nne ilipokuja tulifurahi, halafu tukafika pale unaposema unakuja.

Nisamehe, au usinisamehe. Lakini usije hapa ukimwita kwa jina ukiwa mlangoni, Mama yuko.

Darmi Duba


Meru, 30 Machi 1998

Darmi,

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Mungu amrehemu na awape subira Mzee na Mama.

Niliisoma barua yako na nikakasirika, sitakuficha. Nilikuwa nikicheka na mtu aliyekuwa kaburini. Nilisoma barua yake mbele ya bweni zima na wenzangu wakapiga makofi.

Kisha nilitoa barua yake ya Desemba, ile iliyokuja kwa mtumbwi. Nilitaka kuona mwandiko wake halisi. Imo humo. Aliniambia. Ng'ombe sita, kwa mikono yangu, sijaona kitu kama hiki, dawa haijasaidia. Mistari minne. Nikamjibu kwa maneno matatu, pole kwa ng'ombe, halafu nikamwandikia kurasa mbili za dadu. Nilikuwa Nairobi, Darmi. Kwa mjomba kuna redio, kuna magazeti, na barabara ya pili kuna duka la dawa za mifugo. Ningeweza kuuliza hata mtu mmoja. Sikuuliza kwa sababu sikuona. Nilikuwa natafuta hoja ya saba.

Sijui kama naweza kuja. Nitamwangaliaje Mzee? Daftari la zamani liko kwenu. Mpe Mukhtar aniletee, na mchezo huu uishe.

Abdulmalik


Garsen, 6 Aprili 1998

Kaka Abdulmalik,

Simpi Mukhtar daftari. Likitakiwa, mwenyewe aje alichukue.

Nilimsomea Baba barua yako, na hiyo sehemu ya mistari minne. Nilitaka kuiruka, lakini anajua ninaporuka, sauti yangu inabadilika. Kisha akasema, "Mimi nilikuwa nimesimama karibu naye. Nilimshikia kamba. Mwambie hivyo."

Watu wa mradi wamekuja kuulizia sanduku la dawa. Nimelipanga na kuandika kila kilichomo. Yule mama anayeongoza aliniuliza kama ningependa kwenda Tarasaa mwezi wa sita, kwenye mafunzo kama ya Guracha, safari hii na glavu. Baba hajasema ndiyo wala hapana. Mama amesema hapana mara tatu.

Kuhusu mchezo. Baba hataki uishe hivi. Anasema si adabu kumwacha mtu njiani na ng'ombe wenye kiu, siku mbili kutoka mtoni. Hataki mimi nimchukue Liban, wala hataki kumchukua yeye. Nilimuuliza basi anataka nini. Akasema, "Huyo kijana ndiye anayesimulia. Amfikishe nyumbani."

Idd ni kesho. Ng'ombe waliobaki ni kumi na saba, lakini maziwa yapo. Njoo.

Darmi


Hola, 27 Aprili 1998

Darmi,

Msomee Mzee na Mama. Usiruke mahali.

Nimefika Hola salama. Nashukuru kwa siku tatu mlizonipa na kwa maziwa niliyobeba, ingawa nusu yamemwagikia suruali yangu. Daftari limekaa hapo kwenu na lisiondoke. Pale penye shimo la mchwa nimebandika karatasi na kuandika kanuni, na chini yake nimeandika: imetolewa na Mzee Duba, nusu na Darmi.

Mzee alinivuta kando siku ya kuondoka akaniuliza mimi, kama mwalimu, aseme nini juu ya Tarasaa. Nilimwambia sijui kitu juu ya ng'ombe, na mara ya mwisho nilipojifanya najua ilikuwa vibaya. Nikamwambia akuulize wewe, na akuulize hivi: ukiongeza kazi ya pili utaona nini ambacho ya kwanza haioni. Jiandae na jibu, Darmi, maana nusu haitolewi bure.

Mlinitaka nimfikishe Liban nikiwa hapo. Nilijaribu, jioni ile ya pili, mkakaa wote mkinisubiri, nami nikaishia kuomba tulale. Naweza kuandika. Ndiyo hii.

Liban hakuwanywesha. Aliwaondoa kisimani wakiwa wanalia, akawapitisha upande wenye kivuli, akawapumzisha jua lilipokuwa kali na kuwaendesha asubuhi na alasiri. Siku ya pili ng'ombe walisikia harufu ya mto kabla yake, wakaanza kukimbia, naye akakimbia nao. Walikunywa. Alikaa kwenye matope akiwatazama. Mmoja mzee alikunywa, akalala ukingoni, hakuinuka. Liban alimchunguza kwa macho ya kazi zote mbili, akakubali kwamba huyo ni uzee tu, hana la kufanya, akakaa naye mpaka akaisha.

Boma lilimwona kwa vumbi kwanza. Watu walitoka. Baba yake alisimama langoni na fimbo, akawahesabu wakiingia, mmoja mmoja, mpaka thelathini na tisa. Hakuuliza habari ya wa arobaini. Aliweka mkono juu ya kichwa cha kijana wake, akauacha hapo kidogo, kisha akaenda kufunga lango.

Dada yake alimchukulia fimbo na kibuyu. Alianza kumuuliza njia aliyopita na visima alivyoviona, swali juu ya swali, naye akacheka akasema atamweleza vyote.

Mama yake alikuja wa mwisho. Alimtazama miguu, akamtazama uso, akamuuliza kama amekula.

Akasema bado.

Abdulmalik